Mashine ya Upepo Isigeuke Deni la Harusi



Kila mwaka watu wakishavunja jungu, Ramadhani ikapita na Mfunguo Mosi ukaandama, harusi hapa kisiwani hufuatana kama mawimbi ya kusi. Na kila mwaka tunaulizwa swali lile lile. Anauliza dada anayepamba keki jikoni kwake. Anauliza mwengine anayechora maua kwenye masanduku ya harusi na mashuka ya ndugu zake. Anauliza na bibi harusi mwenyewe, ameona bi harusi wa mtu kapulizwa poda uso mzima kwa eabrashi, na yeye anataka ajifunze awapulize wadogo zake. Wote wanasema: "Jamani, nitapata wapi mashine ya upepo ya bei nafuu?"

Leo tunajibu, na rai yetu tunaitoa mapema ili asiye na muda aichukue aende zake. Usinunue kabla hujajua utapuliza nini. Usinunue kwa mkopo. Na kama unaweza, usinunue peke yako.

Tunayasema haya kwa sababu kati yetu tunaoandika hapa, watatu tumeshapoteza fedha kwenye mashine hizi. Mmoja wetu aliuza bangili ya dhahabu aliyotunzwa na bibi yake siku ya harusi. Tutafika huko.

Kwanza tujue tunanunua nini

Eabrashi ni brashi ya upepo. Ni kalamu ya chuma yenye kikombe kidogo cha rangi na tundu jembamba sana mbele, mara nyingi la milimita 0.2, 0.3 au 0.5. Ndani yake mna sindano. Ukibonyeza kitufe upepo unapita, ukikivuta nyuma sindano inarudi na rangi inatoka ikiwa ukungu. Si kitu kipya. Wamarekani walikuwa wakizitengeneza na kuziuza tangu karne ya 19, kwa kazi ya kurekebisha picha.

Brashi peke yake ni bubu. Kinachoitia uhai ni mashine ya upepo, kompresa, inayosukuma hewa kupitia mpira mwembamba. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunaiangalia brashi inavyong'ara, tunachagua ya rangi ya dhahabu, kisha mashine tunachukua yoyote iliyobaki dukani.

Nguvu ya upepo hupimwa kwa psi. Ili upate picha, tairi la gari ndogo hujazwa karibu psi 30. Uso wa bibi harusi hauhitaji hata nusu yake: kwa poda ya maji watu hupuliza kati ya psi 5 na 15. Keki inakwenda vizuri kati ya 15 na 25. Rangi ya kitambaa ni nzito, hiyo inataka 30 kwenda juu na tundu la 0.5. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, jiulize: mimi nataka uso, keki au kitambaa? Anayetaka uso na keki tu hana haja ya mashine kubwa. Anayetaka kupuliza mashuka na masanduku asidanganyike na kidude cha kushika mkononi.

Rahisi ghali: yaliyotukuta

Wa kwanza wetu alinunua ile brashi yenye kipampu cha betri chini yake, ndogo kama chupa ya marashi. Haina mpira, haina waya, unaitia mkobani. Kwa kuchorea kucha na kadi ilimfaa. Alipoipeleka kwenye keki ya ghorofa mbili, betri ikazima kabla ya ghorofa ya pili, na pale ilipokuwa inafanya kazi rangi ilitoka kwa mapigo mapigo, keki ikawa na mistari kama kanga iliyochujuka. Hatusemi ni kitu kibaya. Tunasema ni cha kazi ndogo, na aliyeiuza hakusema hivyo.

Wa pili alinunua mashine nzuri kabisa, ila haikuwa na kikombe cha kunasa maji. Akaitumia Disemba na Januari, kaskazi inavuma, mambo yakaenda. Ikaingia masika. Siku moja akampuliza mdogo wake shavuni, brashi ikatema tone la maji, poda ikachirizika hadi kidevuni nusu saa kabla ya mgeni rasmi kufika. Mdogo mtu akalia, wanja nao ukafuata. Ilibidi auoshwe uso mzima waanze upya kwa sponji, na ukweli ni kwamba kwa sponji alipendeza vile vile.

Sababu yake ni hewa yetu ya pwani. Hewa ya kisiwani ina unyevu mwingi. Mashine inapoibana, hewa hupata moto. Inapopoa ndani ya mpira, unyevu ule hugeuka matone ya maji. Nchi kavu mtu anaweza akasahau jambo hili. Sisi hatuwezi.

Wa tatu ndiye mwenye bangili. Aliona mashine ya bei ya chini, muuzaji akamuapia kwamba inatoka Marekani na ni "orijino". Kweli ilitoka Marekani. Ilikuwa ya volti 110. Umeme wetu ni wa volti 230. Akaichomeka sebuleni kwake, mama mkwe amekaa anaangalia, ikalia sekunde chache, ikatoa harufu ya waya unaoungua, ikanyamaza. Muuzaji akasema aliuza nzima. Bangili ilikuwa imeshayeyushwa kwa sonara.

Bangili ile ilikuwa mali yake halali. Mahari na tunzo za mwanamke ni zake, na dini yetu imempa haki hiyo bila ya kumuomba mtu ruhusa. Lakini haki ya kutumia ni jambo moja, na kutumia kwa kujua ni jambo jengine. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema tuandike makala hii.

Ukiamua kununua, angalia haya

Tuyaorodheshe kwa utaratibu, uende nayo dukani au umtumie kaka yako anayekwenda Kariakoo.

*Isiwe ya oili.* Mashine nyengine hulainishwa kwa oili ndani, na chembe za oili huweza kutoka pamoja na hewa. Kwa gereji si kitu. Kwa uso wa mtu na keki inayoliwa haifai. Tafuta iliyoandikwa kwamba haitumii oili.

*Iwe na tangi.* Tangi dogo la lita 3 linatosha sana. Pampu ya pistoni husukuma hewa kwa mapigo, na tangi ndilo linaloyatuliza mapigo hayo, upepo ukatoka sawa. Faida ya pili, tangi likijaa mashine inajizima yenyewe na kupumzika. Aina moja ya Kichina inayopatikana sana duniani, inayouzwa kwa jina la AS-186 chini ya chapa nyingi tofauti, huzima ikifika bari 4 na kuwaka tena ikishuka bari 3. Isiyo na tangi hunguruma muda wote unapopuliza, inapata moto, na lazima uipumzishe. Ni ya bei ndogo zaidi, na kwa anayepuliza keki moja kwa wiki inaweza kumtosha. Lakini tofauti ya bei si kubwa kama tofauti ya raha.

*Iwe na geji na kirungu cha kupunguza upepo.* Bila ya geji unapuliza kwa kubahatisha. Uso wa mwanadamu si wa kubahatishiwa.

*Iwe na kikombe cha kunasa maji.* Tumeshasema kwa nini. Mara nyingi kinakuja pamoja na geji, kikombe cha plastiki cha kuonea ndani. Chini yake pana kitufe cha kumwagia maji. Na tangi nalo lina skrubu au vali chini yake. Kila ukimaliza kazi ifungue, hewa itoke na maji yatoke. Tangi lisilomwagwa maji hupata kutu kwa ndani, na tangi la kutu si la kuaminiwa.

*Soma kibati cha umeme.* Kibandiko nyuma ya mashine kiandikwe volti 220 hadi 240 na hezi 50. Kama unaagiza kwa ndugu aliyeko Maskati au Dubai, umeme wao unafanana na wetu na hata plagi yao ya pini tatu bapa ni hii hii. Aliyeko Marekani mwambie asome kibati kwanza. Na kina mama wanaokwenda Umra wakarudi na vyombo, waelewe kwamba Saudia wanatumia hezi 60, na kwa miaka mingi soketi nyingi za majumbani kule zilikuwa za volti 127. Dakika moja ya kusoma ingeiokoa bangili.

*Ulizia spea na maungio.* Mpira, mpira mdogo wa kuzuia upepo usivuje, sindano na tundu. Brashi nyingi hutumia ungio la robo-nusu ya inchi, yaani 1/8, lakini baadhi ya chapa zina lao. Nenda na brashi yako dukani, uifunge pale pale, usikubali kuambiwa "itaingia tu".

*Iwashe mbele ya muuzaji.* Hasa ikiwa ya mtumba. Acha tangi lijae, mashine ijizime, kisha usiguse kitu kwa dakika tano. Ikiwaka yenyewe bila ya wewe kupuliza, inavuja mahali. Sikiliza na mlio wake. Mashine nzima inanguruma sawasawa. Inayogongagonga ndani ina maradhi.

Njia za mkato tunazozikataa

Tunajua kina kaka watasema: "Ya nini kununua, ipo ya gereji." Mashine ya gereji husukuma hewa kwa psi 100 na zaidi, wengi wao huitumia na oili, na kelele yake itawatoa majirani nje. Hata ukiipunguza, hewa yake imepita kwenye tangi ambalo hujui mara ya mwisho lilimwagwa maji lini. Kwa kupuliza sanduku la mbao uani, sawa. Kwa uso na chakula, hapana.

Wengine wanatengeneza mashine kutokana na injini ya friji la zamani. Kweli zina ukimya wa ajabu, na mafundi wetu wana mikono ya dhahabu. Lakini injini ya friji inaishi ndani ya oili, na fundi akisahau kuweka vali ya kutolea upepo uliozidi, umeweka bomu chini ya meza ya jikoni ambapo watoto wanacheza. Fundi anayejua kazi atakuwekea vali, geji na kichujio. Kama hakuvitaja kabla hujamuuliza, msalimie uondoke.

Na kuna hili la mashine ya mvuke ya watoto wa pumu. Tumesikia mtu akishauri itumike, kwa kuwa nayo inasukuma hewa. Upepo wake ni mdogo na brashi nyingi haziendi nayo. Kubwa zaidi, ile ni dawa ya mtoto. Siku kifua kitakapombana usiku, asikute mashine yake imejaa vumbi la rangi ya keki. Iacheni.

Umeme na kelele

Mashine hizi ndogo hazili umeme mwingi. Nyingi zina injini ya sehemu moja ya tano au ya sita ya nguvu ya farasi, kiasi cha wati 125 hadi 150. Uniti moja ya TUKUZA inaweza kuiendesha zaidi ya saa sita mfululizo, na yenye tangi haifanyi kazi mfululizo. Pasi ya nguo inakula kuliko hiyo. Kwa hiyo asikutishe mtu kwa bili.

La kuogopa ni umeme kukatika. Waliokuwa watu wazima Disemba 2009 hawajasahau kisiwa cha Unguja kilivyokaa gizani hadi Machi 2010. Hata kukatika kwa saa moja, siku ya harusi ni msiba. Ndiyo maana tunasema kila anayejifunza eabrashi ajue kwanza kazi kwa mkono: uso kwa sponji na brashi ya kawaida, keki kwa kisu na mfuko wa krimu. Tangi la lita 3 likijaa litakupa muda mfupi tu wa kumalizia shavu moja, si bibi harusi mzima.

Kelele nayo ina adabu zake. Hata mashine tulivu husikika kwenye chumba cha watu, na nyumba zetu za mji ukuta mmoja ni wa watu wawili. Iweke juu ya mkeka au godoro la mtoto lililokunjwa, mlio unapungua. Adhana ikianza, izime. Jirani akikuona unaizima kwa adhana, hata siku utakapopuliza hadi usiku wa manane atakuvumilia.

Mashine moja, brashi mbalimbali

Mashine hutoa hewa tu. Kwa hiyo mashine moja isiyo ya oili inaweza kutumikia uso, keki na kitambaa. Brashi haiwezi. Brashi iliyopita rangi ya kitambaa isipite tena rangi ya chakula, hata uioshe kwa maji ya Zamzam. Funga uzi wa rangi kwenye kila moja: mwekundu wa keki, mweupe wa uso, mweusi wa mengine.

Kwenye keki soma chupa ya rangi. Baadhi ya rangi za kupuliza na za kung'arisha zina alkoholi ili zikauke upesi. Nyekundu nyengine zina E120, ambayo hutokana na wadudu waliokaushwa. Wanazuoni wana maneno yao katika hili, na wewe unayempelekea mtu keki ya walima una jukumu la kujua na kumwambia. Zipo za maji matupu zisizo na shaka. Anza na hizo.

Kwenye ngozi tuna onyo moja, na hili tunaliandika kwa uzito wote. Usiweke piko ndani ya brashi ya upepo. Piko nyingi nyeusi zinazochorwa leo si hina, ni unga wa rangi ya nywele wenye kemikali iitwayo PPD. Hina halisi haitoi weusi wa lami kwa dakika chache. PPD inaweza kuunguza ngozi, ikatoa malengelenge, ikaacha makovu, na mtu aliyeathirika nayo mara moja huweza kuathirika kwa maisha yake yote. Kuichora kwa kijiti ni hatari. Kuigeuza ukungu ukaivuta puani wewe na bibi harusi ni hatari mara mbili. Hata uzuri wa stensili ukoje, tunasema hapana.

Na kwa ukungu wowote, fungua dirisha, vaa barakoa, na mwambie unayempuliza afumbe macho na abane pumzi unapopita karibu na pua. Mwenye pumu mpambe kwa sponji. Hatopungua kitu.

Na udhu je?

Bibi harusi anapambwa mchana, anatolewa usiku. Katikati ipo Alasiri, ipo Magharibi, ipo Isha. Kila mwaka tunaona mabibi harusi wanaoswali siku zote za maisha yao ila siku ile, kwa kuogopa kuharibu uso uliolipiwa. Dada yetu, siku unayomuomba Allah akupe nyumba ya kheri ndiyo siku unayomkimbia?

Jambo lenyewe lina njia. Poda za kupuliza zipo za maji, zipo za silikoni na zipo za alkoholi. Za silikoni hukaa muda mrefu kwa sababu hufanya utando unaokataa maji, na utando unaozuia maji yasifike kwenye ngozi unazuia udhu. Kwa hiyo: chukua udhu kamili kabla ya kupambwa. Kupakwa poda juu ya udhu hakuuvunji. Uhifadhi uwezavyo, kula kidogo, na uswali kila wakati unapoingia. Ukivunjika, uso uoshwe na utando utoke, uchukue udhu mpya. Hapa ndipo inapofaa mpambaji awe dada yako mwenye mashine pembeni, anayeweza kukupuliza upya kwa dakika kumi bila ya kukutoza mara ya pili. Kwetu sisi hii ndiyo hoja kubwa kuliko zote ya kujifunza kazi hii nyumbani. Masuala ya undani muulize sheikh unayemwamini, na muulize kabla ya siku ya harusi.

Tulivyofanya sisi

Baada ya bangili kuyeyuka, tulikaa wanawake watano barazani tukacheza upatu wa namna yake. Kila mmoja alitoa shilingi 15,000 kwa wiki, kwa wiki sita. Zikawa 450,000, na hakuna aliyekopa. Tukaagiza mashine moja yenye tangi, brashi mbili, mpira na kikombe cha maji, ikavuka kwa boti kutoka Dar. Tulipoipokea, wa kwanza kusoma kibati alikuwa yeye mwenye bangili. Alikisoma mara mbili, kwa sauti.

Wapo waliotuambia chombo cha shirika huleta ugomvi. Hawakukosea. Mwezi wa pili tu mmoja wetu aliirudisha tangi halijamwagwa maji na brashi imekauka rangi ndani, tukanuniana siku nne. Tukaandika masharti kwenye karatasi na kuyabandika juu ya mashine yenyewe: anayeichukua anaandika jina na tarehe, anairudisha safi, anayeharibu anatengeneza, anayeitumia kwa kazi ya kulipwa anatia fungu la spea kwenye kopo, siku ya harusi ya mmoja wetu au bintiye, mashine ni yake wiki nzima. Tangu hapo tumeelewana. Mikataba imeamrishwa iandikwe, nasi tulikuwa tunadhani ni ya wafanyabiashara wakubwa tu.

Wapo pia waliosema jambo lote hili ni anasa, na bibi zetu walipendeza kwa singo, wanja na asumini bila ya mashine. Nao hawakukosea. Bibi harusi hahitaji mashine ya upepo ili awe bibi harusi. Tungependa somo na mama wa kila binti waliseme hili kwa sauti, kwa sababu wapo mabinti wanaopandisha gharama za harusi kwa ajili ya picha, na wapo vijana wanaoahirisha ndoa mwaka baada ya mwaka kwa kushindwa na gharama hizo. Ubadhirifu ni ubadhirifu hata ukipulizwa kwa ukungu mzuri.

Lakini mwanamke kuwa na kazi ya mkono anayoipenda, inayompumzisha baada ya kulaza watoto, inayoweza siku moja kumpa ada ya madrasa au ya skuli, hiyo si anasa. Tumeona dada aliyeanza kwa kupuliza maua ya asumini kwenye karatasi, akaenda kwenye keki za ndugu, leo anapokea oda kila Ijumaa. Hakuanza kwa mashine ya mamilioni. Alianza kwa zamu yake ya Jumatatu kwenye mashine ya watu watano.

Basi nafuu tunayoitafuta si ile ya bei peke yake. Ni mashine inayolingana na kazi yako, inayolingana na umeme wako na hewa ya kisiwa chako, iliyonunuliwa kwa fedha iliyokuwepo. Ikipatikana hiyo, hata ikizidi kidogo ile ya muuzaji wa maneno matamu, ndiyo rahisi.

Bangili haikurudi. Lakini mwenye bangili ndiye aliyempuliza binti wa jirani yetu harusi iliyopita, kwa poda ya maji, psi 10, dirisha wazi, na wakasimama pamoja kuswali Magharibi kabla ya ngoma kuanza.

Allah awajaalie mabibi harusi wetu ndoa zenye utulivu na mapenzi, na atupe sote riziki ya halali na macho ya kusoma kibati kabla ya kulipa. Amin.

Wabillahi tawfiq.